Tarbushi ya Kaka Yangu

Mtu ashukaye kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya bondeni, akiisha kupita Kamanyola na Luvungi, hufika kwetu Bwegera. Mkono wake wa kuume huiona milima imesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto tambarare yaenda mpaka mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Jua hutuchomozea upande wa Burundi na kuchwea mapema nyuma ya milima yetu, lakini kati ya saa hizo halituhurumii hata kidogo. Ni nchi ya joto, yenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua.

Nyuma ya nyumba yangu, karibu na ukuta wa matofali uelekeao mashariki, pana tuta la mawe na mchanga lenye kimo cha nusu mita. Juu yake limeketi dungusi moja la mviringo kama tikiti dogo, lenye mbavu na miiba, na kichwani limevaa kofia nyekundu. Watoto waendao shule huchungulia uani na kuuliza: "Babu, nani amelivika tarbushi?" Watu wazima nao huuliza, ila wao huanza kwa kuuliza bei yake. Nimewajibu kwa ufupi mara nyingi. Leo, wasomaji wapendwa, nataka kujibu kwa urefu, kwani dungusi hilo limenigharimu miaka mingi na makosa mengi, nami nisingependa mwenzangu ayarudie yote.

Habari yaanza na kaka yangu mkubwa. Baba yetu alikuwa mkulima wa pamba hapa bondeni, zamani zile pamba ilipolimwa kila upande, nasi wana wake wawili tuliichuma pamoja, yeye mbele na mimi nyuma, kwa maana mimi nilikuwa mvivu. Mwaka 1979 kaka alipata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji. Alisema anakwenda kwa miaka minne. Huko akapata kazi, akaoa, akazaa binti mmoja, na miaka ile minne haikuisha. Mwaka 1996, vita vilipotutoa majumbani mwetu, tulipotezana naye muda wa mwaka mzima na zaidi. Yeye hakujua kama tu hai. Nasi tuliporudi tulikuta nyumba haina paa, na picha zake zote zimepotea. Tangu hapo barua zake zikawa nyingi kuliko zamani, kana kwamba anaogopa tusipotee tena.

Huko Ubelgiji kaka hakuwa na shamba. Alikuwa na dirisha moja tu lililopata jua, na hapo dirishani aliweka chungu chenye dungusi alilolinunua sokoni. Aliniandikia kwamba dungusi hilo humkumbusha bonde la Ruzizi. Mimi nilicheka, kwa sababu dungusi si mmea wa bonde letu hata kidogo.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana watu wengi wa kwetu huchanganya mambo haya. Ile mimea ya miiba na mashina manene tuionayo porini, iliyoinua matawi yake kama kinara cha mishumaa, si madungusi. Ni jamaa ya mnyaa, ule tuupandao kuzunguka nyua zetu. Ukitaka kujua tofauti, angalia jeraha la mmea: mnyaa na jamaa zake wote hutoka maziwa meupe, na maziwa hayo ni sumu. Yakiingia jichoni yaweza kumpofusha mtoto. Likitokea jambo hilo, mwosheni jicho mara moja kwa maji safi mengi, tena kwa muda mrefu, kisha mkimbizeni zahanati, msingoje kesho. Dungusi la kweli, ambalo wengine huliita kaktusi kwa kufuata Kifaransa, halina maziwa ya namna hiyo kwa kawaida, na miiba yake hutoka katika vifundo vidogo kama vya sufi, vilivyopangwa kwa mistari juu ya mwili wake.

Nyumbani kwa madungusi ni Amerika, tangu Kanada mpaka kusini kabisa mwa Argentina. Hata mpungate, ambao watu hudhani ni wa Afrika tangu Adamu, uliletwa na wanadamu kutoka huko. Liko dungusi moja tu linaloonekana katika Afrika bila mtu kujulikana kuwa amelileta. Wataalamu huliita Rhipsalis. Nalo, ajabu, halikai jangwani, bali huning'inia katika miti ya misitu yenye unyevu, kama nyuzi za kijani zisizo na miiba mikali, na matunda yake meupe huliwa na ndege. Mtu aweza kulipita mara mia asijue kwamba amepita chini ya dungusi.

Dungusi la kaka lilikuwa la jamaa iitwayo Melocactus, jina lenye asili ya tikiti. Kwao ni visiwa vya Karibi, Meksiko, Brazili na nchi nyingine za joto za huko. Likiwa changa huonekana kama mpira wa kijani wenye miiba. Likiisha kukomaa, jambo ambalo laweza kuchukua miaka kumi, huota kichwani kofia ya sufi nyeupe iliyochanganyika na nywele ngumu nyekundu, na Wazungu wengine huiita kofia ya Mturuki. Tangu siku ile mwili wake haukui tena. Kofia peke yake ndiyo inayoendelea kurefuka mwaka kwa mwaka. Maua madogo ya rangi ya waridi hutoka katika kofia hiyo, na baadaye matunda mekundu yaliyo kama pilipili ndogo.

Lakini ni mmea uchukiao baridi kupita kiasi. Yako madungusi ya milimani yanayovumilia hata theluji, hili silo. Wapanda maua wa Ulaya husema joto lake lisishuke chini ya digrii 12 hivi. Kaka alinieleza taabu yake yote. Kila mwaka ufikapo Oktoba alipunguza kulinywesha. Desemba na Januari, jioni, alilitoa dirishani, kwa sababu kioo cha dirisha usiku huwa cha baridi kuliko chumba chenyewe; na akichelewa kazini, mkewe alikuwa ameagizwa kuweka magazeti kati ya kioo na chungu. Nilipoyasoma hayo nilimsomea mke wangu, naye akauliza kama kaka hulivika na soksi.

Mwaka 2009 mtawa mmoja aliyekuwa akirudi Bujumbura alituletea bahasha kutoka kwa kaka. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi mbegu 40, nyeusi, sawa kwa ukubwa na mbegu za mchicha, au lengalenga kama tusemavyo sisi. Dungusi lake lilikuwa limezaa. Barua yake ilisema hivi: "Mdogo wangu, mimi hapa napigana na baridi kila mwaka, na najua siku moja itanishinda. Kwenu hakuna baridi. Zipande mbegu hizi, zikue nje chini ya mbingu. Nitakapokuja nataka kuona dungusi lisilohitaji dirisha."

Nilikuwa mwalimu, nami nilidhani kwamba mtu aliyefundisha watoto arobaini darasa moja hawezi kushindwa na mbegu arobaini. Nilikata bidoni la njano kwa ubavu, nikalitoboa chini, nikajaza mchanga uliochungwa pamoja na udongo kidogo wa mboji. Mbegu sikuzifukia, kwa maana kaka aliandika kwamba zataka mwanga ili ziote. Nilizinyunyiza juu tu, nikafunika kwa plastiki nyeupe ili unyevu usitoroke, nikaliweka bidoni kivulini. Siku ya tisa vitu vya kijani kama vichwa vya pini vikatokea. Vilipokoma kuota nilihesabu 23.

Kosa la kwanza lilitokea Agosti mwaka uleule. Nilijiambia: huu ni mmea wa jangwa, maji ya nini? Nikaondoa plastiki, nikaliweka bidoni juani, nikaacha kunyunyiza. Baada ya wiki tatu nilibaki na 11. Vingine vilikuwa vyekundu kama vilivyoungua, na vingine vimenyauka vikawa kama mavi ya mbuzi. Jangwa ni neno ambalo mtu hulisema upesi bila kujua lina mambo gani ndani yake. Dungusi kubwa limejaa maji tumboni, nalo hufungua vinyweleo vyake usiku wakati hewa imepoa, na kuvifunga mchana, ili maji yasipotee. Lakini kitoto cha mwezi mmoja hakina tumbo la kuwekea akiba. Tena huko kwao mbegu nyingi huota chini ya kivuli cha kijiti au kando ya jiwe. Zile ziotazo katikati ya jua hufa, wala hakuna azihesabuye.

Basi nikavirudisha kivulini, nikanyunyiza kila baada ya siku kadhaa, vikapona. Mwaka wa pili nilivizoeza jua kidogo kidogo, saa moja ya asubuhi, kisha mbili. Wakati huo mke wangu alitaka mahali pale ukutani kwa nyanya. Alisema: "Baba, watoto wala mboga, nawe wawalimia miiba?" Sikuwa na jibu la maana. Tulikubaliana kwamba nyanya zipate upande wa jikoni, ambao ni mzuri zaidi, na mimi nichote maji ya nyanya hizo kila jioni. Mapatano hayo yanaendelea hata leo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lililonifungua macho. Mwaka 2011 niliyatoa madungusi yangu 11 katika bidoni, sasa yakiwa na ukubwa wa ndimu, nikayapanda ardhini moja kwa moja. Udongo wa uani kwangu ni mfinyanzi mweusi: kiangazi hupasuka hata mguu wa kuku huzama, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa uji. Mvua za Novemba zilipoanza nilifurahi, nikaona sasa nimepumzika kuchota maji. Mjukuu wangu wa kwanza, msichana mdogo aliyependa sana vimipira vile vya kijani, naye aliongeza maji yake kwa kikombe kila jioni, kwa upendo. Kufikia Krismasi dungusi moja liliinama. Nililigusa, likazama kidole. Ndani lilikuwa jekundu-jekundu na lina harufu. Kabla ya Pasaka saba yalikwisha oza, na mtoto yule alilia akidhani ameyaua yeye. Nilimwambia ukweli, kwamba yeye alimwaga kikombe kimoja, na mimi nilimpandia katika kinamasi.

Katika mwezi uleule wa Februari 2012 baridi kali sana ilishika Ulaya. Kaka alikuwa amelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, mkewe alikuwa naye huko kutwa, na nyumba haikuwa na moto. Waliporudi walikuta dungusi lao la miaka mingi limekuwa laini kama embe bovu.  Mwili wa dungusi ni vijichupa vidogo visivyo na idadi, vyote vimejaa maji. Barafu ikiingia, huharibika, na asubuhi jua likitoka mmea wote huanguka.

Alinipigia simu. Hakusema mengi juu ya moyo wake. Alisema: "Langu limekufa kwa baridi. Yako yakoje?" Nikamwambia yamebaki manne, na kwamba saba yamekufa kwa maji. Akanyamaza kitambo, kisha akacheka kile kicheko chake cha shambani. "Kumbe nanyi mnayo baridi yenu," akasema. "Mimi huogopa Januari, wewe waogopa Novemba."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa nimetumaini kwamba Bwegera, kwa kuwa hakuna baridi, hakuna adui. Nisingefikiri kuuliza dungusi laogopa nini mahali hapa nilipolipanda.

Nikaanza upya. Nilijenga tuta hilo nililolitaja. Chini niliweka matofali yaliyovunjika na mawe ya mto, kiasi cha magoti. Juu yake kokoto. Juu ya kokoto mchanga mnene wa mto uliochanganywa na sehemu moja ndogo ya udongo. Niliinamisha tuta upande mmoja ili maji ya mvua yakimbie. Nililiweka ukutani mashariki, kwa kuwa ukuta huo hupigwa na jua la asubuhi, na paa hulikinga na mvua nyingi zitokazo milimani. Mahali pengi pa bonde letu udongo una chumvi, utaona utando mweupe juu yake wakati wa kiangazi, na maji ya visima vingine ni hivyohivyo. Kwa hiyo nilitumia maji ya mvua niliyoyakinga katika mapipa. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, hulinywesha mara moja kwa siku kumi au kumi na tano, asubuhi, maji yafike chini kisha yakauke kabisa. Wakati wa mvua silinyweshi kamwe, na mvua ikiwa ya siku nyingi hulifunika kwa turubai juu ya vijiti vinne, pande zote zikiwa wazi ili hewa ipite. Turubai likigusa mmea ni bure, maana joto na unyevu hupika ndani yake.

Katika manne yale, moja lilikanyagwa na mbuzi wa jirani, nami sitasema zaidi, kwa kuwa jirani husoma gazeti. Jingine nilimpa binti yangu aliyeolewa Bukavu, naye alilipenda sana. Ni ubishi wangu mwenyewe uliofanya hivyo. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na Tanganyika mita 773. Kwa desturi, mtu apandapo mita 1000 joto hupungua digrii 6 hivi. Basi kati ya maziwa yetu mawili ziko digrii nne, nami niliona digrii nne si kitu. Bukavu hakuna barafu. Usiku wake haufiki hata kwenye ile alama ya 12 mara nyingi. Lakini huko mvua ni nyingi, mawingu hukaa, na udongo uliolowa haukauki upesi kwa sababu hakuna joto la kuukausha. Mizizi iliyolala katika maji ya baridi hailei chakula, ukungu huingia, na mmea huoza kwa chini wakati juu bado ni kijani. Binti yangu alinililia kwenye simu mwezi wa Aprili 2013. Ningalimwambia aliweke ndani, dirishani, katika chungu chenye mchanga mtupu, kama kaka alivyofanya, huenda lingaliishi. Sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa nimejivunia mno dungusi lisilohitaji dirisha.

Yakabaki mawili. Kila mara kaka alipopiga simu aliuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za watu, na mke wangu alijifanya amekasirika. Aliuliza: "Limevaa?" Nami nilijibu: "Bado." Yalikuwa makubwa kama kichwa cha mtoto, yenye mbavu kumi na kitu, lakini kichwani wazi. Alipanga kuja mwaka 2014, daktari akamkataza. Akapanga tena. Mwaka 2016, mwezi wa Novemba, binti yake alipiga simu, na mara tu niliposikia ni sauti yake wala si ya baba yake, nilijua. Siku ile mvua ilikuwa ikinyesha. Nilikwenda kufunika tuta, kwa sababu ilikuwa kazi ya saa ile, nikakaa huko chini ya turubai mpaka mke wangu akanifuata.

Kofia ilianza kuonekana Machi 2019. Kwanza nilidhani ni utando wa buibui. Nilileta miwani nikaona sufi nyeupe katikati ya utosi, na baada ya miezi miwili nywele nyekundu zikajitokeza kama manyoya ya brashi. La pili likafuata mwaka huohuo. Sikuwa na wa kumpigia simu. Nilimpigia binti ya kaka, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, nikamwambia: "Limevaa." Hakuelewa. Ikanibidi nieleze yote tangu mwanzo, na mwisho akaelewa vizuri sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa mno ilianguka katika milima yetu. Nilitoka na taa, nikaona upande mmoja wa tuta unamomonyoka. Nikapigana nao kwa jembe na mawe mpaka nikachoka, na moyoni nalinung'unika kwamba miaka kumi na moja yangu inakwenda na matope. Kulipokucha habari zikatufikia kutoka Uvira. Mto Mulongwe ulikuwa umefurika mjini, mito mingine pia, watu wamekufa, na maelfu ya nyumba zimechukuliwa au kubomoka. Ndugu zetu wawili walipoteza kila kitu. Niliona haya kwa yale niliyonung'unikia usiku.

Siku ya tatu walifika kwetu watu kumi na mmoja, wakubwa kwa wadogo, nao walikaa miezi miwili na nusu. Nyumba ikajaa, jiko likawaka kutwa, na mimi sikwenda tutani tena. Katika siku hizo dungusi moja, lile lililokuwa upande uliomomonyoka, lilioza likafa na kofia yake kichwani. La pili lilipona kwa kazi ya mwingine. Mtoto wa miaka minane, mmoja wa wale waliotoka Uvira, alikuwa ameliona turubai limelala chini, akaliinua juu ya vijiti. Na kila mawingu yalipotanda alikwenda kulifunika bila kuambiwa na mtu. Nilipomwuliza kwa nini, alisema: "Babu, lina kofia, lakini halina nyumba."

Septemba mwaka ule lilichanua mara ya kwanza, maua manne, mepesi kama karatasi. Hufunguka alasiri tu, na jua likichwa hufunga. Matunda yake hujisukuma nje ya kofia yakiiva, na mjusi wa ukutani amekwisha jifunza saa yake. Mara nyingi yeye huyapata kabla yangu. Huko Brazili pia, katika moja ya madungusi ya jamaa hii, wataalamu walimwona mjusi akila matunda na kueneza mbegu, basi simlaumu sana wa kwangu. Ila nayachuma yale niyawezayo, na mche wowote uotao nje ya tuta naung'oa. Watu huniomba niwape pia mpungate kwa ajili ya uzio, nami hukataa. Kila kipande cha mpungate kiangukacho hutoa mizizi, na huko Laikipia katika Kenya umefunika malisho mengi ya wafugaji, na miiba yake midogo huwaumiza mbuzi vinywa na matumbo.

Julai 2022 binti ya kaka alikuja, mara yake ya kwanza kuiona nchi ya baba yake. Alipita Bujumbura, akavuka mpaka, na alipofika kwetu alikuwa amevua koti, kisha sweta, na bado jasho lilikuwa likimtoka. Baada ya kusalimu wote alisema: "Baba mdogo, liko wapi?" Nikampeleka nyuma ya nyumba. Alichuchumaa akalitazama muda mrefu. Kisha akaigusa kofia kwa ncha ya kidole, akashangaa kwamba sufi ile ni laini na nywele zake zinachoma. Aliangalia juu, upande huu na upande huu, kana kwamba anatafuta kitu, akasema: "Hakuna kioo."

Mke wangu alileta viti viwili na karanga. Tulikaa pale kivulini mwa ukuta bila kusema sana, kwani ilikuwa yapata saa tisa, nami nilimwambia angoje kidogo. Ua la kwanza lilifunguka saa kumi kasorobo.